Majibu ya maji ya mapafu: watu wanavosema na ilivyo kweli

Huku kwetu Unguja mtu akivutwa maji ya kifua, karatasi ya majibu inazunguka ukoo mzima na kila mtu ana tafsiri yake. Kwanza hayo maji hayamo ndani ya pafu, yako baina ya pafu na ukuta wa kifua, na hata mzima asiyeumwa anayo kidogo.

"Negativu, basi hana TB." Hii ndo inayoniuma zaidi manake watu wanaacha dawa kwa neno hili. TB ya utando wa pafu ina vijidudu vichache mno kwenye yale maji, kwahivyo darubini mara nyingi haioni kitu na hata GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB, inakosa wengi. Ndo mana daktari anatazama vyengine, limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) zikijaa na ADA (kimeng'enya kinachopimwa kwenye maji hayo) ikapita 40, TB inashukiwa sana, pengine akakatwa kinyama cha utando kipimwe. Akimuanzishia dawa na karatasi imeandikwa negativu jamani msiseme anabahatisha.

"Protini iko juu, ni kansa hiyo." Si hivyo. Vipo vigezo vya Mmarekani Richard Light vya mwaka 1972: protini ya maji ukiigawa kwa ya damu ikazidi 0.5, au LDH (kimeng'enya kinachotoka kwenye seli zilizoumia) kwa hesabu hiyohiyo ikazidi 0.6, au LDH ya maji ikapita theluthi mbili ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu. Moja tu ikitimia, tatizo linatafutwa kwenye utando, iwe nimonia, TB au kansa. Isipotimia hata moja, mara nyingi ni moyo, ini au figo. Ndo sababu ya kutolewa na damu siku ileile, msikatae.

Na mgonjwa wa moyo anaemeza dawa za kukojoza maji anaweza kuvuka mpaka huo na utando wake mzima, hapo wanatoa kiwango cha albumini (aina ya protini) ya maji kwenye kile cha damu, tofauti ikizidi 1.2 g/dL basi bado ni moyo. Kwahivyo tajeni dawa zote anazotumia.

"Maji mekundu, ni kansa." Si lazima. TB, kuumia, hata damu iliyoganda kwenye pafu inaleta. Na kukosa seli za kansa mara moja hakumalizi, hupimwa tena.

Usaha ukitoka lakini, hapo hakusubiriwi karatasi, anatiwa mpira kifuani utoke, sindano peke yake haitoshi.