Akaunti ya Elimu kwa Familia za Tabora: Kuweka kwa Kalenda ya Soko, Kutoa kwa Kalenda ya Chuo

Vyuo vikuu vingi nchini hufungua mwaka wa masomo kati ya Oktoba na Novemba. Kwa familia ya mkulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui, kipindi hicho ni kigumu kuliko kingine chochote: malipo ya tumbaku yaliingia katikati ya mwaka na sehemu kubwa imekwishatumika, mashamba yanasubiri mvua na pembejeo, akiba ya mahindi inaelekea ukingoni, na ng'ombe wamekondeshwa na kiangazi, kiasi kwamba anayelazimika kuuza huuza kwa bei ya kuumiza. Maelekezo ya kujiunga na chuo hufika katika wakati huohuo. Katika mazungumzo yetu na wazazi wa mkoa huu, mara nyingi tunabaini kwamba fedha ya ada ilipita mikononi mwao mwezi Julai, ila haikuwa na mahali pa kuingojea Oktoba. Akaunti ya elimu ndiyo mahali hapo, na makala haya yanaeleza namna ya kuifungua, kuijaza, na hasa kuitumia pale mtoto anapofika chuoni.

Tuanze na jambo ambalo wazazi wanaosoma habari za nje hutuuliza. Nchini Marekani zipo akaunti za elimu zinazotambuliwa na sheria ya kodi, kama zile za mpango wa 529, na zile za Coverdell ambazo michango yake haiwezi kuzidi dola 2,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Faida inayopatikana humo haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu ikiwa fedha zitatumika kwa gharama za elimu zinazokubalika. Mzazi wa Tabora hana akaunti ya namna hiyo. Riba ya akaunti ya akiba au ya amana ya muda maalumu (fedha inayofungiwa benki hadi tarehe iliyokubaliwa) katika benki zetu hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, bila kujali kwamba mweka akiba alikuwa na nia ya kumsomesha mtoto. Kwa hiyo tunapotaja akaunti ya elimu hapa, tunamaanisha akaunti ya kawaida au uwekezaji wa kawaida ambao familia yenyewe imeupa kazi moja, ikaulinda dhidi ya mahitaji mengine, na kuupangia tarehe ya kutumika. Nguvu yake hutokana na muda na nidhamu, ndiyo maana kuchelewa kuanza hugharimu sana.

Chukua mfano wa mzazi anayeweka shilingi 300,000 kila Julai, akianza mtoto akiwa na miaka 6, na tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba fedha hizo zinakua kwa asilimia 8 kwa mwaka baada ya makato yote. Atakapokwisha kuweka mara 12 atakuwa ametoa mfukoni shilingi 3,600,000, na akaunti itakuwa na takribani shilingi 5,690,000. Jirani yake aliyesubiri hadi mtoto afikishe miaka 12, kisha akaweka kiasi hichohicho mara 6, atakuwa na takribani shilingi 2,200,000. Ili amfikie mwenzake, ingempasa aweke karibu shilingi 776,000 kila mwaka. Hakuna taasisi inayoweza kuahidi asilimia 8 kwa miaka yote hiyo, na viwango vya akaunti za kawaida za akiba huwa chini zaidi, lakini anayeanza mapema bado humzidi sana anayechelewa. Ikumbukwe pia kwamba bei hazikai mahali pamoja. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4 kwa mwaka, ada ya shilingi 1,500,000 ya leo itakuwa takribani shilingi 2,400,000 baada ya miaka 12, kwa hiyo fedha iliyofichwa ndani ya nyumba hupungua thamani hata kama haijaguswa na mtu.

Fedha hizo ziwekwe wapi? Benki nyingi zenye matawi Tabora Mjini na wilayani zina akaunti za watoto ambazo mzazi huzifungua kwa kiasi kidogo, akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chake na picha. Usalama wake ni mzuri: Bodi ya Bima ya Amana humlinda mteja mmoja katika benki moja hadi shilingi 7,500,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi 1,500,000. Udhaifu wake ni riba ndogo, hivyo kwa mtoto mdogo tungependa mzazi aangalie zaidi ya hapo. UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ina Mfuko wa Watoto ulioanzishwa mwaka 2008, ambamo mzazi au mlezi hununua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko, kwa jina la mtoto aliye chini ya miaka 18. Thamani ya kipande hupanda na kushuka kufuatana na soko, na uwekezaji huo haumo katika kinga ya bima ya amana, kwa hiyo unafaa pale ambapo bado kuna miaka mingi mbele. Mwenye uwezo wa kutenga shilingi 1,000,000 kwa mara moja anaweza kufikiria hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa muda uliopangwa, zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo hulipa riba kila baada ya miezi sita. SACCOS, yaani chama cha ushirika wa akiba na mikopo, nayo ni njia nzuri kwa nidhamu ya kuweka na kwa uwezekano wa kukopa, ingawa mwanachama ajue kwamba Bodi ya Bima ya Amana haiilindi, kwa hiyo akague leseni na ahudhurie mikutano mikuu badala ya kuletewa taarifa na wengine. Vikoba vinavyogawana fedha zote kila mwisho wa mwaka havifai kuwa akaunti ya elimu, kwa sababu kila mgawo huirudisha akiba mkononi. Mgawo huo unaweza kuwa chanzo cha kujaza akaunti, na hilo tunalihimiza.

Suala la jina la mwenye akaunti linastahili muda zaidi kuliko linavyopewa. Fedha zilizo katika akaunti ya mzazi ni mali ya mzazi, na akifariki dunia huingia katika mirathi pamoja na nyumba, shamba na mifugo. Familia italazimika kukaa kikao, kupata msimamizi wa mirathi anayethibitishwa na mahakama, na kusubiri, wakati chuo hakisubiri. Fedha zilizowekwa kwa jina la mtoto, mzazi akiwa msimamizi tu, ni za mtoto, na hazipaswi kugawanywa na warithi wengine. Tumeona jinsi tofauti hiyo inavyoamua kama binti ataendelea na masomo au atabaki nyumbani, na kwa sababu hiyo tunawasihi wazazi wenye familia kubwa, au wenye watoto wa mama tofauti, waitafakari kwa makini. Upo upande wa pili: mtoto akifikisha miaka 18 anakuwa mtu mzima kisheria na anaweza kudai mamlaka juu ya akaunti yake. Mzazi anayemshirikisha kijana tangu kidato cha pili au cha tatu, akamwonyesha taarifa za akaunti na kumweleza fedha hizo ni za nini, kwa kawaida hana haja ya kuiogopa siku hiyo.

Kuhusu wakati wa kuweka, ushauri wetu kwa mkulima ni kwamba uamuzi ufanyike kabla soko la tumbaku halijafunguliwa. Malipo huingia kwenye akaunti ya mkulima baada ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kukata deni la pembejeo, na kinachobaki huonekana kikubwa kwa siku chache tu. Mzazi aiambie benki mapema ihamishe kiasi fulani kwenda akaunti ya mtoto mara malipo yanapoingia, au ajiwekee sharti la kuhamisha kwa simu siku hiyohiyo kabla ya kutoka benki. Anayeuza asali, mpunga wa Igunga na Nzega, au karanga afanye vivyo hivyo kwa msimu wake. Mwaka wa ukame au wa bei mbaya aweke hata shilingi 20,000, ili mazoea yasikatike. Mwalimu au muuguzi mwenye mshahara yeye aipe benki agizo la kudumu la kuhamisha kiasi kilekile kila mwezi, jambo ambalo halihitaji maelezo mengi.

Makosa makubwa zaidi tunayoyaona yamo katika kukadiria tarehe ya matumizi. Elimu ya msingi hadi kidato cha nne haina ada katika shule za serikali tangu Januari 2016, na ada ya kidato cha tano na sita iliondolewa mwaka 2022, hivyo wazazi wengi huhesabu kwamba gharama kubwa zitaanza chuo kikuu, mtoto akiwa na miaka 19 au 20. Lakini vijana wengi huelekea vyuo vya kati baada ya kidato cha nne, iwe ni ualimu, uuguzi, ufugaji nyuki, reli au utumishi wa umma, fani ambazo vyuo vyake vimo hapahapa Tabora. Kwa hao ada huanza mapema, na msaada wa mkopo ni mdogo: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24 katika fani chache za kipaumbele tu. Ni busara basi kupanga akiba kana kwamba fedha zitahitajika mara tu baada ya matokeo ya kidato cha nne, kisha kuongeza muda ikiwa kijana ataendelea.

Kwa wanaokwenda chuo kikuu, mkopo wa Bodi hiyo ya Mikopo, iliyoanza kazi Julai 2005, ni nguzo muhimu na kila mwenye sifa aombe. Vyeti vya kuzaliwa, na vya vifo kwa waliofiwa na wazazi, huhitaji kuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa hiyo visitafutwe dakika za mwisho. Hata hivyo mkopo hutolewa kwa kiwango cha uhitaji, wengine hupata sehemu tu ya ada, na fedha za chakula na malazi hutolewa mwanafunzi akishasajiliwa chuoni. Hapo ndipo akaunti ya elimu inapofanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeifanya: nauli ya treni au basi kwenda Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam, malipo ya chumba, godoro, chakula cha wiki za kwanza, sehemu ya ada isiyokopeshwa, na baadaye kompyuta mpakato. Tena kila shilingi isiyokopwa hupunguza deni ambalo kijana atakayeajiriwa atalilipa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wake.

Namna ya kutoa fedha ipangwe miaka miwili kabla. Vipande ambavyo thamani yake hupanda na kushuka vianze kuuzwa kidogo kidogo na fedha zihamishiwe kwenye akaunti ya benki, ili kushuka kwa soko kwa miezi michache kusimwathiri mtoto anayekaribia kujiunga. Amana ya muda maalumu iive Agosti au Septemba, kwa maana ikivunjwa kabla ya wakati riba hupotea. Mauzo ya vipande huchukua siku kadhaa za kazi, hivyo maombi yasisubiri wiki ya usajili. Ada ilipwe moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo chenyewe, kamwe isipitie kwa wakala au mtu anayedai kuwa na ndugu ofisini, na risiti itunzwe hadi kijana ahitimu. Chuo kinachoruhusu kulipa kwa muhula kilipwe kwa muhula, ili fedha iliyobaki iendelee kupata riba, na matumizi ya mwanafunzi yatumwe kila mwezi badala ya kumkabidhi ya mwaka mzima.

Kijana akihitimu na salio likabaki, au akipata ufadhili ambao haukutarajiwa, akaunti isifungwe kwa haraka. Kwa akaunti iliyo kwa jina lake, salio ni lake na yeye ndiye wa kuamua, lakini familia iliyozungumza mapema mara nyingi hukubaliana lihamishiwe kwa mdogo wake anayefuata, ambaye huenda wakati huo yuko darasa la sita na bado ana misimu kadhaa ya soko mbele yake.