Sashe ya plastiki iliyotupwa mto Kawa inazima taa hadi Bujumbura

Kila mvua kubwa zinaporudi Bukavu, malalamiko ya delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, yanarudi nazo. Barua nyingi zinazofika idarani kwetu hapa bwawani zina shutuma moja: umeme wa mto Ruzizi unapelekwa kwa majirani, sisi wenye mto tunabaki na mishumaa. Hasira hiyo tunaielewa. Lakini wengi wanaoandika hawasemi hata ni kituo gani wanachokilalamikia.

Ruzizi I, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 karibu na pale mto unapotoka Ziwa Kivu, inaendeshwa na SNEL, shirika la umeme la Kongo, na ina uwezo wa karibu megawati 30. Ruzizi II iko chini yake, imeanza kazi mwaka 1989, nayo ni ya Kongo, Rwanda na Burundi kupitia SINELAC, kampuni ya nchi tatu iliyoundwa mwaka 1983, yenye makao yake hapahapa Bukavu. Umeme wake, karibu megawati 44, unagawanywa kwa theluthi. Theluthi ya Rwanda si zawadi wala si wizi. Ni ya mkataba, sawasawa na ya kwetu. Ruzizi III inayopangwa, ya megawati 206, nayo ni mradi wa nchi hizo tatu pamoja na wawekezaji binafsi. Mto wenyewe ni mpaka, jamani. Ukuta wa bwawa unaegemea kingo zote mbili.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo barua hazilitaji. Maji yanayozungusha turbini za Ruzizi I ndiyo yanayoteremka kuzungusha za Ruzizi II. Takataka za komuni za Kadutu na Ibanda hutupwa kwenye Kawa na mitaroni, mvua huzisukuma hadi ziwani, na mkondo huzileta zote mlangoni mwa bwawa: chupa, masashe, kandambili, hata magodoro. Zikijazana kwenye vichujio vya chuma, maji hayapiti ya kutosha na mashine inapoteza nguvu. Plastiki ikipenya hadi ndani, mashine inasimamishwa ifunguliwe. Wapiga mbizi huteremka kuondoa uchafu kwa mikono, na wakati wote huo megawati za mashine ile hazipo kwa yeyote. Kuna anayetupa mfuko mtaroni asubuhi na jioni anatuandikia kwamba tumemkatia moto.

Tunarudia kuhusu sheria, maana watu wanadhani ni maneno ya redioni tu. Dekreti Na. 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Sheria Na. 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inalinda mazingira, maji yakiwemo, na ina adhabu zake. Ukikamatwa ukitupa taka majini, afisa mwenye mamlaka ataandika prosè-verbali, yaani hati rasmi ya kosa. Iwe na jina lako, avenyu, saa na kitu kilichotupwa. Isome kabla ya kutia sahihi. Ukikataa kusaini, omba kukataa kwako kuandikwe humo pamoja na sababu. Faini ikitajwa, usimpe mtu pesa mkononi: dai hati inayoonyesha kiasi na mahali pa kulipia, kalipe huko, kisha tunza risiti na nakala ya prosè-verbali. Asiyekupa hati hakutozi faini. Hayo mengine kila mtu anayajua jina lake.

Kuhusu majalala yaliyo kando ya maji, mwone kwanza mkuu wa avenyu, halafu mkuu wa mtaa, kisha ofisi ya usafi ya komuni. Usianzie kwetu. Sisi hatuna gari la taka wala uwezo wa kumwondoa mtu kwenye kiwanja. Siku ya salongo, kazi ya usafi ya pamoja, tafadhali, uchafu uliotolewa mtaroni usiachwe ukingoni mwa mtaro uleule. Mvua ya usiku huurudisha wote, na kazi ya asubuhi nzima inatufikia bwawani.

Barua kuhusu umeme kukatika bado tunazipokea. Taja komuni, avenyu, kabini (kituo kidogo cha transfoma) inayokuhudumia, tarehe na saa umeme ulipokatika na uliporudi. Ukikatika kwenu tu na kwa jirani wa mbele unawaka, tatizo si la mto: nenda kwa wakala wa SNEL wa mtaa wako.