Je, wajua? Jenerali aliyenyang'anywa jeshi akiwa kitandani

Mwaka 204 KK, kulipopambazuka, watu wawili waliingia mbio katika kambi ya Jenerali Han Xin, kaskazini mwa Mto Manjano nchini China. Walisema ni wajumbe wa mfalme wa Han, bwana wa Han Xin, wakapishwa. Han Xin alikuwa bado amelala. Mgeni mmoja akapita hadi chumbani, akachukua vitu viwili, akatoka na kuwaita makamanda, akawapangia kazi upya. Han Xin alipoamka jeshi halikuwa lake tena, na yule "mjumbe" alikuwa Liu Bang, mfalme mwenyewe.

Sasa mtu anaibiwaje jeshi zima, kama anayeibiwa viatu msikitini?

Vitu vile viwili vilikuwa muhuri na fu, yaani kithibitisho cha amri. Fu iliyo maarufu zaidi ni simbamarara mdogo wa shaba aliyepasuliwa nusu mbili: moja hukaa kwa mtawala, nyingine kwa mkuu wa kikosi, na zikikutanishwa lazima zishikane sawasawa. Moja ya enzi za Qin, iliyopatikana karibu na Xi'an, imeandikwa kwa dhahabu kwamba kuwatoa askari 50 au zaidi ni mpaka ilinganishwe na nusu ya mfalme. Hamsini tu! Ruhusa ya kutosubiri ilikuwapo pale tu mioto ya tahadhari inapowashwa. Kwa hiyo jenerali alikuwa kama mtu aliyeazimwa jeshi, na mwenye mali angeweza kulidai hata alfajiri.

Liu Bang alikuwa na haraka. Alikuwa ametoroka mji wa Chenggao, uliozingirwa na Xiang Yu, hasimu wake katika kuigombea China, akiwa na mtu mmoja tu garini. Lakini kuhitaji askari haikuwa sababu pekee, kwa maoni yangu. Han Xin alikuwa ameanza kutisha.

Miezi michache kabla, pale Jingxing, katika vita na ufalme wa Zhao, alikuwa amewapanga watu wapatao 10,000 mto ukiwa mgongoni, jambo ambalo kila kitabu cha vita kilikataza. Jeshi la Zhao, lililosemekana kuwa na watu 200,000, likacheka, likatoka ngomeni kuwamaliza. Wale wasio na pa kukimbilia wakapigana kufa na kupona. Wakati huohuo wapanda farasi 2,000 waliojificha mlimani wakaingia ngome tupu, wakang'oa bendera za Zhao na kusimika nyekundu za Han. Askari wa Zhao waliporudi wakaona wekundu mtupu kwao, wakatawanyika.

Mwaka 203 KK aliuteka ufalme wa Qi, akaomba awe "kaimu mfalme" wa huko. Liu Bang akaanza kufoka, washauri wake wakamkanyaga mguu kwa siri, naye akageuza maneno palepale: kwa nini kaimu, awe mfalme kamili! Mshauri Kuai Tong akamsihi Han Xin ajitenge, nchi igawanywe mara tatu. Alikataa. Liu Bang, alisema, alimpa nguo zake avae na chakula chake ale.

Xiang Yu aliposhindwa Gaixia mwaka 202 KK, Liu Bang alimwendea Han Xin kambini na kumnyang'anya jeshi kwa mara ya pili. Mwaka uliofuata akamkamata na kumshusha cheo. Mwaka 196 KK, Liu Bang akiwa mbali kuzima uasi, Malkia Lü, mkewe, alimtuhumu Han Xin kula njama na waasi, akamuulia katika kasri la Changle. Aliyemvuta hadi huko ni Xiao He, waziri yuleyule aliyewahi kumkimbilia usiku ili asiondoke jeshini.

Mwanahistoria Sima Qian anaandika kwamba Liu Bang alipopata habari alifurahi, na papo hapo akamhurumia. Kisha akauliza marehemu alisema nini mwishoni. Akajibiwa: alijuta kutomsikiliza Kuai Tong.