Gari Likiharibiwa Gereji: Ushahidi Kwanza, Ugomvi Baadaye

Gari limeingia gereji kubadilishwa oili, limetoka, na siku ya tatu injini imekwama barabarani. Mwenye gari anasema fundi ndiye aliyeiua. Fundi anasema gari lilikuja likiwa bovu. Hapo wengi hupandisha sauti, kisha hufanya jambo linalowapotezea kesi: gari linavutwa hadi gereji ileile, fundi anaifungua injini, na kufikia jioni vyuma ambavyo vingeeleza kilichotokea vimeshaoshwa kwenye beseni la dizeli.

Nchini Kenya sheria haimwachi mwenye gari mikono mitupu. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa, na kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro ya huduma hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 imetenga sehemu nzima kwa matengenezo ya magari: fundi atoe makadirio, asitoze kazi ambayo hukuidhinisha, akuulize kama unataka vipuri vya zamani alivyovitoa, na akupe ankara. Kipuri kipya au kilichofufuliwa, pamoja na kazi ya kukifunga, vinahesabiwa kuwa na dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, chochote kitakachotangulia, hata kama fundi hakutamka neno dhamana. Ni wachache wanaoijua sehemu hii ya sheria, na mafundi wengi hawajawahi kuisikia. Lile bango la ukutani linalosema “hatuhusiki na uharibifu wowote” halifuti haki hizo.

Kuna kanuni nyingine, ya zamani zaidi. Gari likiwa gereji ni amana. Aliyelipokea anatakiwa kulitunza kwa uangalifu, na likirudi na uharibifu ambao halikuingia nao, ni juu yake kuonyesha kwamba haukutokana na uzembe wake au wa vijana wake. Kanuni hii ina nguvu, lakini ina mlango mmoja: lazima kwanza uonyeshe gari liliingia likiwa katika hali gani. Hapo ndipo kesi nyingi zinapofia.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya ufunguo kubadilisha mkono. Zunguka gari na simu ukirekodi video moja isiyokatika: bampa zote mbili, milango, rimu, kioo cha mbele, viti. Kisha washa injini, rekodi dashibodi ikionyesha kilomita, kiwango cha mafuta na taa za onyo, uache injini iungurume nusu dakika ili sauti yake isikike. Itume video hiyo kwa fundi kwenye WhatsApp palepale, na maneno machache: gari nambari fulani, limeletwa leo kwa kazi fulani, mambo mengine yasiguswe bila kuniuliza. Ujumbe huo unabeba tarehe na saa, na akijibu “sawa” umepata hati ya mapokezi. Gereji kubwa zina fomu yao ya mapokezi. Isome kabla ya kutia sahihi, kwa sababu mara nyingi mchoro wa gari umewekwa alama za mikwaruzo ambayo haipo, au umeachwa mtupu ujazwe baadaye.

Uharibifu wa gereji una sura zake, na anayezijua hababaishwi. Wa kawaida kabisa unatokana na nati ya kumwagia oili. Nati ni ya chuma kigumu, ilhali sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa magari mengi ya siku hizi ni aluminiamu. Kwenye Toyota nyingi ndogo nati hiyo inatakiwa kukazwa kwa takriban nyutoni-mita 40, nguvu ambayo mkono wa kawaida unaifikia kwa spana fupi. Fundi akiikanyagia kwa bomba, meno ya sampu yanaliwa. Ukiifungua utaona uzi mwembamba wa aluminiamu umejiviringisha kwenye nati kama springi ndogo. Uzi huo ni ushahidi, usiutupe. Kosa la pili ni mpira wa filta ya zamani kubaki umeng’ang’ania kwenye injini, halafu filta mpya yenye mpira wake ikafungwa juu yake. Mwanzoni huenda usione dalili, lakini presha ikipanda oili inarushwa nje kwa muda mfupi sana.

Kwenye Subaru kuna kosa la aina yake: fundi anafungua nati ya gia boksi akidhani ni ya injini, anamwaga hidroliki, yaani oili ya gia za otomatiki, kisha anaongeza oili mpya ya injini juu ya ile ya zamani ambayo haikutoka. Injini inabaki na oili karibu mara mbili ya inayohitajika, na gia boksi inabaki kavu. Gari linatoa moshi, halafu halivuti. Kwa magari ya CVT, yaani yenye gia za otomatiki zinazotumia mkanda na puli, hatari ni hidroliki isiyo yake, kwa kuwa ile ya gia za kawaida za otomatiki haishiki mkanda na puli za CVT inavyotakiwa, na uharibifu unaweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza. Ndiyo maana ankara iandike jina kamili la hidroliki na idadi ya lita. “Oili ya gia, 4L” haitoshi.

Mengine ni mepesi kuyatambua. Jeki iliyowekwa pasipo mahali pake huacha kunjo kwenye ukingo wa chini wa mlango. Kuchomelea bila kuchomoa betri huweza kuunguza kompyuta ya gari. Kumwaga maji ya rejeta na kuyajaza bila kutoa hewa huweza kuifanya injini ichemke na silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ipinde. Nati za magurudumu zilizokazwa kwa mashine ya upepo peke yake huweza kuvunja stadi, yaani vyuma vinavyoshika nati hizo, au kupotosha diski za breki. Kwa Toyota nyingi za kawaida kiwango ni nyutoni-mita 103, na kumalizia kunatakiwa kufanywa kwa spana ya kupimia.

Ukigundua tatizo, zima injini. Hili si ushauri wa upole, ni hesabu ya kesi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka na wewe ukaendelea kilomita 10 ufike nyumbani, utakuwa umempa fundi nusu ya utetezi wake: mahakama inaweza kuona kwamba kuvuja kulikuwa kosa lake, lakini kuungua kwa injini kulikuwa lako, na fidia ikapunguzwa. Piga picha mahali gari liliposimama, madoa ya oili chini, dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ikiwa imefutwa na kuchovywa upya, na dashibodi yenye kilomita. Mjulishe mwenye gereji kwa maandishi siku hiyohiyo. Gari livutwe, lisiendeshwe.

Lisivutwe pia kwenda kufunguliwa. Mpe mwenye gereji nafasi ya kuliona, ndiyo, kwa sababu kumnyima nafasi hiyo kutakuja kuonekana kama ulikuwa na haraka ya kutafuta makosa. Lakini ukaguzi ufanyike na mtu wa tatu: mkadiriaji wa magari wa kujitegemea, au wakaguzi wa AA Kenya, chama cha wenye magari. Mwombe akujibu maswali matatu kwa maandishi: ni nini kimeharibika, kwa nini, na kama chanzo ni kazi iliyofanywa siku fulani au ni uchakavu. Ripoti inayosema tu “injini imekufa, ibadilishwe” haikusaidii kitu. Mwambie asome pia kompyuta ya gari kabla mtu hajafuta hitilafu zilizorekodiwa humo, kwa kuwa mara nyingi hitilafu huhifadhiwa pamoja na joto la injini, kasi ya mzunguko wake na mwendo wa gari wakati ilipojitokeza. Vipuri vilivyotolewa vifungwe kwenye mfuko, viandikwe tarehe, na vikae kwako au kwa mkaguzi.

Bado gari liko gereji na ankara haijalipwa? Hapa kuna mtego. Kwa kazi aliyoifanya, fundi ana haki ya kulizuia gari hadi alipwe, na mabishano yakichukua miezi anaweza kuanza kudai gharama za kulihifadhi. Tena ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa Zisizochukuliwa, Sura ya 38, inayompa mwenye gereji njia ya kuliuza gari lililotelekezwa baada ya kutoa ilani. Kulitelekeza gari kwa hasira ni kujiumiza. Mara nyingi ni afadhali kulipa huku ukipinga: lipa kwa M-Pesa, kisha andika kwenye ankara na kwenye ujumbe kwamba umelipa ili kulichukua gari, na kwamba hujaacha madai yako kuhusu uharibifu uliotajwa. Fedha taslimu bila risiti usitoe.

Barua ya madai iwe ya ukurasa mmoja. Taja tarehe ya kulileta gari, kazi iliyoagizwa, kilichoharibika, maneno ya mkaguzi, na kiasi unachodai kwa shilingi, kisha toa siku 14 za kujibu. Kiasi ndicho watu wanachokikosea. Unadai gharama ya kulirudisha gari lilivyokuwa, ikithibitishwa na makadirio ya gereji mbili tofauti, ada ya mkaguzi, gharama ya kuvutwa, na nauli au gari la kukodi kwa muda unaoeleweka, kila kimoja na risiti yake. Kama injini yako ilikuwa imetembea kilomita 180,000, usidai injini mpya kabisa. Dai iliyotumika ya kutoka Japani na gharama ya kuifunga. Madai yaliyopandishwa chumvi humfanya hata anayekuamini aanze kukutilia shaka.

Mwenye gereji akikubali kurekebisha mwenyewe, mapatano yaandikwe: kipuri gani, kipya au kilichotumika, kwa siku ngapi, na nani atathibitisha kazi. Kwa mkwaruzo au sampu iliyovuliwa meno, kubali. Kwa injini au gia boksi, ni afadhali alipe na kazi ifanyike kwingine.

Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya huduma na ya uharibifu wa mali. Unaweza kwenda bila wakili, kanuni kali za ushahidi hazifuatwi, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, kwa hiyo mambo ya hakika yamalizike hukohuko chini. Kabla ya kufungua shauri hakikisha unamshtaki mtu sahihi. Jina lililoandikwa getini huenda si la kampuni yoyote, na fundi aliyelishika gari lako huenda amekodi nafasi tu kwenye uwanja wa mwingine. Angalia jina lililotokea ulipolipa kwa M-Pesa, kisha utafute usajili wa biashara hiyo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Biashara ikiwa ya mtu mmoja, shtaki jina lake halisi likifuatiwa na jina la biashara.

Muda wa kudai kwa msingi wa mkataba ni miaka 6, na kwa msingi wa uzembe ni miaka 3. Hata hivyo, gereji zenye kamera mara nyingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku chache tu, kwa hiyo ombi la kuhifadhi picha za siku gari lilipokuwa ndani litumwe kwa maandishi siku ileile unapogundua uharibifu.