Malipo ya Mkalimani wa Lugha ya Alama: Kwa Nini Kodi ya Kanada Huyaita Matibabu

Ukitaja gharama za matibabu, wengi huwaza daktari, dawa na kitanda cha wodini. Sheria ya kodi ya mapato ya Kanada, inayotoa unafuu wa kodi kwa gharama hizo, inakwenda mbali zaidi. Kwa kiziwi au mwenye usikivu hafifu, pesa anayomlipa mkalimani wa lugha ya alama nayo ni ya matibabu. Vivyo hivyo malipo ya mtu anayechapa yanayosemwa ili maandishi yatokee papo hapo kwenye skrini. Shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, limo, matengenezo yake yamo, na hata zile betri zisizofika ukubwa wa kifungo cha shati, ambazo risiti zake hutupwa ovyo.

Kinachonifurahisha ni kwamba kifungu cha ukalimani hakidai mazungumzo yafanyike hospitali. Kinadai tu kwamba aliyelipwa awe anaifanya kazi hiyo kwa biashara. Binamu anayejua alama, ukimpa dola 50 za ahsante, hazihesabiki.

Hapa ndipo watu wanapoumia: wanadhani watarudishiwa chote walichotumia. Sivyo. Kwanza hukatwa kiwango cha chini, yaani asilimia 3 ya mapato yako halisi au dola 2,759 (kwa mwaka 2024), kile kilicho kidogo. Tuseme mapato yako ni dola 50,000. Umelipa 3,200 za shimesikio, 900 za wakalimani na 100 za betri, jumla 4,200. Asilimia 3 ya mapato ni 1,500, zinabaki 2,700. Kwa mwaka huo wa 2024, serikali kuu ilikupunguzia kodi kwa asilimia 15 ya hizo, yaani dola 405, na mkoa wako una hesabu yake. Unafuu huu hupunguza kodi unayodaiwa. Kama hudaiwi kodi, hauna cha kupunguza. Kwa wanandoa, mara nyingi inafaa adai mwenye mapato madogo, maana asilimia 3 yake ni ndogo, mradi naye awe na kodi ya kulipa. Kilicholipwa na bima usikiweke.

Miezi 12 unayoihesabu si lazima ianze Januari. Inatosha iishie ndani ya mwaka wa kodi. Aliyenunua shimesikio Novemba na kulipa wakalimani Machi iliyofuata anaweza kuzikusanya gharama zote mbili pamoja, akavuka kile kiwango.

Kuna mlango wa pili, na wengi hawaonyeshwi. Mwenye ulemavu aliyemhitaji mkalimani ili afanye kazi au asome anaweza kuyaondoa malipo hayo kwenye mapato yenyewe, kwa fomu T929, bila kukatwa ile asilimia 3. Gharama moja haidaiwi mara mbili, basi piga hesabu zote mbili kabla ya kujaza ritani.

Risiti ya mkalimani iombe siku ileile, iwe na jina lake, tarehe na huduma aliyotoa. Itunze miaka 6.