Gramu moja haizidishwi mara elfu

Vijana wa kidato cha sita hapa Mwanza wameniuliza tena: "Kama mgunduzi ameshatengeneza gramu moja ya dawa, ninyi wa kiwandani si mnazidisha vipimo tu?" Hapana. Ingekuwa hivyo, kazi ya mkemia wa michakato isingekuwepo.

Anza na joto. Menyuko nyingi hutoa joto, na joto hilo hutoka nje kupitia ukuta wa chombo. Ukihama kutoka chupa ya lita 1 kwenda mtambo wa lita 1,000 wenye umbo lilelile, ujazo unakua mara 1,000 lakini eneo la ukuta mara 100 tu. Kila lita imebaki na sehemu moja ya kumi ya ukuta wa kuipooza. Ndiyo maana sufuria la pilau la harusi pale Kirumba huchelewa kupoa. Kitendanishi ulichokimimina kwa dakika tano maabara, kiwandani kinadondoshwa kwa saa kadhaa, na muda wote huo bidhaa iliyokwisha kuundwa imo mle ndani, pengine inaanza kuharibika na kuzaa uchafu ambao kwenye gramu moja hukuuona. Umezidisha vipimo, muda je?

Etha, kiyeyushi cha kawaida cha maabara, tunaikwepa kwa hofu ya moto. Huchemka kwenye nyuzi 35 hivi usawa wa bahari, na hapa ziwani, zaidi ya mita 1,100 juu, hata chini ya hapo. Kolamu ya silika, bomba la unga ambalo maabara hulitumia kutenganisha bidhaa na uchafu, nayo kwa kilo mia ni matangi ya kiyeyushi, kwa hiyo tunasafisha kwa kuigandisha bidhaa iwe fuwele.

Na fuwele ndizo zinazoninyima usingizi. Molekuli zilezile zinaweza kujipanga kwa namna zaidi ya moja, na kila mpangilio una uyeyukaji wake. Ritonavir, dawa ya VVU ya kampuni ya Abbott, iliingia sokoni 1996. Mwaka 1998 ukajitokeza mpangilio wa pili, imara zaidi na mgumu zaidi kuyeyuka. Kapsuli zikashindwa kipimo cha kuyeyuka, zikaondolewa sokoni, ikabidi ziundwe upya. Fomula haikubadilika hata atomu moja! Chembe kidogo ya fuwele mpya hutosha kuwa mbegu, na ikishaingia kwenye mitambo ni shida kuupata tena mpangilio wa zamani.

Vitabu huandika kana kwamba ukichunguza vya kutosha utaimaliza mipangilio yote. Siamini. Tunabadili viyeyushi, halijoto, kasi ya kupooza, tunatumia hesabu za kompyuta, na bado hakuna awezaye kuapa kwamba ulio imara kuliko yote ameshauona. Tunatia sahihi huku shaka bado ipo.

Kwa hiyo nikiletewa njia mpya kutoka kwa wagunduzi, sianzi kwa kuuliza imetoa mazao asilimia ngapi. Nauliza ilitoa joto kiasi gani, ilikorogwa kwa kasi gani, na je, iliachwa usiku kucha, au ilichujwa siku ileile?