Tuta kabla ya mtaro

Wiki iliyopita, mvua ilipokatika, nilichuchumaa kwenye tuta moja la barabarani la Magomeni, hapa Mtwara mjini, nikalipima kwa futi. Kimo chake sentimita 17, upana haufiki hata mita moja. Juu limejaa mikwaruzo ya matumbo ya bajaji. Wakazi walilijenga wenyewe kwa zege, baada ya mkandarasi kumwaga kifusi, kukishindilia, kisha kuondoka na greda lake bila kuchimba mitaro wala kuweka lami.

Nawaelewa kabisa. Barabara ikishashindiliwa, bodaboda hawashikiki. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa hugonga kwa nishati karibu mara tatu ya lile la kilometa 30, kwa hiyo mzazi anayedai tuta anadai uhai wa mtoto wake. "Mwanangu, lami mtaleta mkijaliwa, tuta tulitaka jana," aliniambia bibi anayeuza mihogo pale kona. Sikumbishia.

Lakini tuta jembamba lina kasoro ambayo wengi hawaijui. Anayekimbia huliruka, springi zikameza kishindo. Anayekwenda taratibu ndiye anayetikiswa tairi kwa tairi. Mfikirie mjamzito ndani ya bajaji, usiku, akikimbizwa hospitali ya Ligula. Tuta la mviringo lililofanyiwa utafiti Uingereza miaka ya 1970 lina upana wa kama mita 3.7, na kimo chake ni sentimita 7.5 hadi 10. Hapo gari hupanda na kushuka lote, na dereva akizidisha mwendo, kiti chenyewe kinamrusha.

Kinachoniuma zaidi ni maji. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, zikaendelea mpaka Aprili. Barabara isiyo na mtaro, ukiiwekea tuta kutoka ukingo hadi ukingo, umejenga bwawa. Maji yanatuama, yananywewa na kifusi kisichofunikwa lami, ule udongo unaoshika kokoto unalainika, na tairi zinazofunga breki palepale zinauchimba. Hatua mbili kabla ya lile tuta nilichomeka kijiti kwenye dimbwi: kilizama sentimita 22. Madereva wanalikwepa kwa pembeni, na ukingo nao umeanza kumeguka.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi 2017. TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, wana barabara kuu na za mikoa. Barua ipitie serikali ya mtaa, na msiombe tuta peke yake. Ombeni mtaro kwanza, barabara ichongwe mgongo ili maji yashuke pembeni, lami, kisha tuta lenye rangi na kibao cha kumtahadharisha dereva, likiachiwa upenyo wa maji kila upande.

Pale Magomeni tumekubaliana kulivunja lile la zege na kulijenga upya, pana na fupi. Jumamosi tunaanza na mtaro, kuanzia kwenye kibanda cha bibi wa mihogo kushuka bondeni.